Kabla hamjamwambia mama auze friji, pigeni hesabu ya wati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mara nyingi ukurasa huu unajaa siasa na mpira ila hili langu linagusa nyumba nyingi za kupanga hapa Dar, na nina uhakika hata huko mikoani wapo wanaonuniana kwa jambo hilihili. Mimi ni fundi, nina kibanda changu Mbagala, natengeneza pasi, feni, majiko ya umeme na sabufa, na pia ni mpangaji kwenye nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Vyumba sita LUKU moja, Mhariri hapo ushajua naelekea wapi.

Kwetu kila chumba kinatoa elfu kumi ya umeme kwa mwezi, isipokuwa mama mmoja anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, yeye anatoa elfu kumi na tano kwa sababu ana friji. Jumla elfu sitini na tano. Tarifu yetu ni ile ya shilingi 292, ukishaweka VAT na tozo za REA (wa umeme vijijini) na EWURA (wadhibiti wa nishati) yuniti moja inafika 356 hivi, kwa hiyo ukiacha ile kodi ya jengo inayokatwa humohumo, 65,000 inatupa yuniti kama 182. Zamani zilikuwa zinatufikisha mwisho wa mwezi kwa kujikongoja. Mwaka huu ikaanza kukata tarehe 27, ikaja 25, mwezi uliopita ikawa tarehe 22 saa mbili usiku, watu wamekaa wanaangalia taarifa ya habari, puu, giza.

Basi kikao kikaitishwa palepale koridoni kwa tochi za simu. Na bila mtu kupima chochote kesi ikamuangukia mama wa friji. Ushahidi wenyewe eti "friji lako linanguruma usiku kucha, tunalisikia". Yaani kosa la friji ni kupiga kelele! Mmoja akasema atoe elfu thelathini, mwingine akasema bora aliuze tu tuishi kwa amani. Mama wa watu akakaa kimya anakunjakunja ncha ya kanga yake. Na mimi mwenye multimita, kipimo cha fundi umeme, ndani ya chumba changu nikakaa kimya vilevile, sababu nitaisema huko mbele maana hainipendezi.

Kesho yake nikaona haya, nikaomba ruhusa nikavuta friji lile kutoka ukutani. Nyuma kuna kibandiko kimeshakuwa cha njano, kimeandikwa 220-240V, 50Hz, 0.8A. Sasa hapo ndo pa kuanzia, na ni hesabu ya kuzidisha tu, volti mara ampia unapata wati. 230 mara 0.8 ni 184. Na hata hapo nimelionea friji, kwa sababu kwenye mota volti na karenti (ndo hizo ampia) hazitembei hatua moja, zinapishana kidogo, kwa hiyo ukizidisha hivo unapata namba kubwa kuliko wati zenyewe ambazo mita inakutoza. Nikasema tusibishane na kibandiko, twende tukaulize mita.

Wengi hawajui kwamba LUKU inaongea. Kuna taa ndogo nyekundu inayokonyeza, watu wanadhani kazi yake ni kuonyesha umeme upo. Pembeni ya ile taa pameandikwa namba, ya kwetu inasema 1000 imp/kWh, maana ake taa ikikonyeza mara elfu moja yuniti moja imekwenda. Mita nyingine zina 1600 au 3200, soma ya kwako. Ya elfu moja ndo tamu kwa hesabu, unahesabu makonyezo ya dakika moja unazidisha kwa 60 unapata wati zinazoliwa muda huo.

Jumamosi asubuhi nikawaomba wapangaji wazime kila kitu, mpaka chaja za simu zikachomolewa, likabaki friji la mama peke ake. Binti wa jirani yupo kidato cha tatu, nikampa kazi ya kuhesabu kwa sauti na mimi nimeshika simu naangalia sekunde. Moja... tukasubiri... mbili. Dakika imeisha. Makonyezo mawili, yaani wati 120 hivi. Baadae friji likajizima lenyewe kama kawaida ya friji, na ile taa ikanyamaza robo saa nzima bila kukonyeza, watu wamesimama pale wanaikodolea macho kama wanasubiri goli. Tukalifuatilia, kwa wastani linafanya kazi nusu ya muda, yaani saa 12 kwa siku. Wati 120 mara saa 12 ni 1,440, gawa kwa 1000 ni yuniti 1.44. Kwa mwezi 43. Kwa hela 15,400. Mama anatoa 15,000! Kwa friji mama analipa karibu yote, limebaki deni la shilingi mia nne.

Ikaja zamu ya kijana wa chumba cha nne. Huyu ana jiko la koili, lile la udongo lenye waya umejikunja kwenye mifereji, na hakuna aliyewahi kumsema maana jiko lake halina kelele. Akachomeka. Binti akaanza kuhesabu na safari hii hakupata hata muda wa kumeza mate, ishirini na mbili kwa dakika. 22 mara 60 ni 1320.

Binti akaniuliza, "Baba mkubwa, mbona jiko limeandikwa 1000W na mita inasema 1320?"

Swali zuri kuliko yote niliyosikia pale koridoni. Nikachomoa jiko, tukaliacha lipoe, nikaleta multimita nikaweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, nikagusa pini mbili za plagi (jiko likiwa nje ya soketi, tafadhali sana, ukipima omu kwenye kitu kilicho kwenye umeme unaua kipimo na wewe unaweza kufuata). Ikasoma 40. Sasa angalia, ukiwa na volti na ukinzani huhitaji hata kujua ampia, unazidisha volti kwa volti unagawa kwa omu. 230 mara 230 ni 52,900. Gawa kwa 40 unapata 1,322. Mita kwa taa yake na mimi kwa multimita yangu tumeonana uso kwa uso. Halafu geuza hesabu, jiko la wati 1000 lilipotoka dukani lilitakiwa kuwa na omu ngapi? 52,900 gawa kwa 1000, ni 52.9, sema 53. Kwa hiyo kuna omu 13 zimepotea, karibu robo ya koili.

Mhariri, mimi nilijua zilipo. Ziko kwenye kopo la rangi chini ya meza ya kibanda changu.

Koili ikikatika sisi mafundi tunafanyaje, tunakata kile kipande kilichoungua, tunavuta ncha mbili tunazisokota pamoja, elfu mbili, nenda kapike. Huyu kijana nimemfanyia hivo mara tatu mwaka huu. Mara ya mwisho alikuja kunishukuru kabisa, "fundi umenitengenezea vizuri siku hizi linachemka haraka", na mimi nikamjibu "ndo ufundi huo". Ndo maana kile kikao cha gizani nilikaa kimya, nilikuwa nimeshaanza kuhisi.

Sasa hapa pana jambo linalowachanganya watu wengi, na hata mimi nilipoanza kazi lilinichanganya. Akili inakwambia waya ukiwa mfupi utakula umeme kidogo, kama kitambaa kifupi kinavyokula uzi kidogo. Kumbe ni kinyume. Chukua mpira wa kumwagilia wa mita hamsini uufunge bombani, maji yanatoka yanachechemea, ukate ubaki mita kumi bomba lilelile maji yanaruka. Waya ndo huohuo, ule urefu ndo unaomzuia umeme kupita, ndo ukinzani wenyewe, na volti za ukutani zenyewe hazijali umekata nini, ziko palepale 230. Ukinzani ukipungua karenti lazima ipande. 230 gawa kwa 53 ni ampia 4.3, 230 gawa kwa 40 ni ampia 5.75. Ukifikia kukata nusu ya koili, omu zinabaki 26 na nusu na jiko la wati 1000 limegeuka la wati 2000, na kibandiko bado kinasema 1000.

Yule binti akaruka, "si ndo V sawasawa na IR!", yaani volti ni karenti mara ukinzani. Anaijua, anachora mpaka ile pembetatu yake, na mtihani wa fizikia alifaulu vizuri tu, ila anasema hakuwahi kufikiria kwamba R inaweza kuwa jikoni kwa jirani. Simlaumu, na wala simlaumu mwalimu wake mwenye wanafunzi wamejazana darasani. Huyo Ohm mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule huko Ujerumani, alipochapisha mambo yake 1827 wasomi wenzake walimbeza, mpaka 1841 Waingereza ndo wakampa medali. Ngoja nirudi kwenye jiko.

Atatokea msomaji mjanja aniambie fundi, jiko la wati 1320 si linapika haraka zaidi kwa hiyo linawashwa muda mfupi, ngoma droo? Kwenye chai ni kweli kabisa, maji ya chai yanahitaji joto lilelile ulipe haraka au polepole. Ila kijana wetu anachemsha maharage. Maharage yakishaanza kutokota hayaivi haraka kwa kuwa moto mkubwa, maji yanatokota joto lilelile tu, ile ziada yote inaondoka kuwa mvuke unaolowesha ukuta wa koridoni. Na yale majiko hayana pa kupunguzia moto, ni kuwasha na kuzima. Saa tatu za maharage kila siku kwa wati 1320 ni karibu yuniti 4, kwa mwezi 120, kwa hela ni elfu arobaini na mbili na mia saba hivi. Anatoa elfu kumi. Nilipoitaja hiyo namba koridoni palikuwa kimya hata jogoo wa nyumba ya pili tulimsikia anaparua.

Kijana akasema kwa sauti ndogo "mimi sikujua". Watu wakataka kumgeuzia kibao kama walivyomfanyia mama, ikabidi niseme jamani nusu ya kosa ni ya kwangu, nikaeleza habari ya kopo. Sijui kama nilifanya vizuri kwa biashara yangu.

Na kuna kingine tulikiona sikuhiyohiyo. Plagi ya jiko lake upande mmoja imekuwa ya kahawia na soketi ya ekstensheni imelegea imeyeyuka kidogo. Watu wakasema ekstensheni feki. Inawezekana, ila hesabu inasema zaidi ya hapo. Pini ikilegea ndani ya soketi pale inapogusa panazaliwa ukinzani, tuseme omu moja tu, kitu ambacho wala huwezi kukiona. Joto la pale ni ampia mara ampia mara omu. 5.75 mara 5.75 mara 1 ni wati 33. Mimi pasi yangu ya kulehemu risasi ni ya wati 30! Yaani ni sawa na kuchukua pasi ya kulehemu ukaifungia ndani ya plastiki ya plagi ukaiacha humo saa tatu kila siku. Halafu watu wanakwambia nyumba imeungua kwa sababu umeme "ulirudi na nguvu". Mara nyingine sawa, lakini nenda kaguse plagi ya jiko lako baada ya kupika, ikiwa ya moto hujahitaji umeme urudi na nguvu. Na msiamini ile fyuzi ya 13A ya kwenye plagi itakuokoa, yenyewe inaona ampia 5.75 inasema mbona bado, fyuzi haijui kama pini imelegea.

Nimeulizwa pia habari ya umeme mdogo, ule wa saa moja jioni feni inazunguka kama imechoka, eti ndo unakula yuniti zaidi. Sisi tuko mwisho wa laini, jioni nimeshapima nikakuta volti 180. Kwa jiko zima la omu 53, 180 mara 180 gawa kwa 53 inakuja wati 611 tu. Kwa hiyo mita nayo inahesabu 611, haikuibii kitu. Ila chakula kinachelewa na sufuria inapoteza joto muda mrefu zaidi kwa hiyo mwisho wa siku unaweza kweli kutumia zaidi, hapo mnaosema hivo mna nusu ya haki. Friji ndo la kuonea huruma, mota ikikosa volti inavuta karenti nyingi kujitutumua na inaweza kuungua, mama nimemshauri stebilaiza, kile kifaa cha kuweka volti sawa.

Angalizo kwa wale watakaokimbilia kununua multimita baada ya kusoma hapa, hii hesabu ya kupima omu kwenye plagi ni ya vitu vya koili tu, pasi, jiko, hita ya maji. Waya wake ukipata moto ukinzani haubadiliki sana. Kijana ninayemfundisha kazi alipima balbu ya zamani ya wati 100 ikiwa ya baridi akapata omu 40, akaja mbio ananiambia balbu inakula wati elfu moja na mia tatu! Hesabu yake ilikuwa sahihi, balbu ndo ilimdanganya, uzi wake ukiwaka ukinzani unapanda mpaka zaidi ya omu 500. Na mota ya friji ukiipima hivo utapata namba za kukutoa jasho. Kwa hivyo tumia kibandiko au ile taa ya mita.

Na simu acheni kuzigombania jamani. Kuna nyumba naijua watu wanakatazana kuchaji simu. Chaja ya wati 10 kwa saa mbili ni yuniti 0.02, mwezi mzima haifiki hata shilingi 250.

Ila kilichoniuma zaidi nilipokaa na karatasi usiku ni hiki. Ipo tarifu ya watumiaji wadogo, wale wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, yuniti shilingi 100, na tozo zake inakuwa 122. Kwetu ukimtoa kijana wa maharage hakuna chumba kinachofika 75, hata mama na friji lake hafiki. Kila chumba kingekuwa na mita yake wengi wetu tungekuwa na sifa ya kuomba hiyo tarifu, lakini tukijumlishwa kwenye mita moja tunaonekana mtu mmoja mlaji mkubwa, tunalipa 356. Yaani yuniti 43 za mama kwa 122 ni kama 5,250, sasa hivi analipa mara tatu kasoro kidogo na bado anaambiwa auze friji! Baba mwenye nyumba nimemweleza, amesema atafikiria, na mimi namwelewa maana kuvuta mita sita ni gharama na nyaya za nyumba zote zinabidi zipangwe upya. Basi walau aweke zile mita ndogo za ndani, kila chumba kijue chake, tarifu itabaki ileile ila ugomvi utapungua.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo, kuna ile kona ya mapishi ya Jumapili na kona ya nyota, mtutafutie kanafasi ka hesabu za nyumbani, wiki hii pasi, wiki ijayo hita ya kuogea, waandike watu wanaojua kuliko mimi. Na wahariri wenyewe mnaweza kuanza na jagi la kuchemshia maji la ofisini kwenu, ligeuzeni chini msome.

Kijana nimemfungia koili mpya bure, nimepima 52, taa ya mita inakonyeza 17 kwa dakika. Maharage amehamishia kwenye mkaa uani. Zile elfu sita alizonilipa kwa kumfupishia koili mara tatu sijamrudishia, nikisema ukweli. Mama wa barafu kikao cha pili walimuomba radhi wote, akasema yameisha, na kwao nadhani yameisha kweli. Mimi ambaye nilikuwa na kipimo ndani nikanyamaza, juisi ya ukwaju ananiuzia bei ya wapita njia mpaka leo, na glasi ananipimia kwa macho mawili.

Wako,
Fundi wa pasi na feni,
Mbagala, Dar es Salaam